Nisipopanga mimi, atapanga mwingine



Leo sina tafakari ya Injili ya Jumapili. Nina swali nililoulizwa na mdogo wangu wa kike Julai mwaka jana, tukiwa tumesimama chini ya mwembe pale Sinza, dalali yuko pembeni anaongea na simu mbili kwa wakati mmoja. Aliniuliza hivi: "Kaka, wewe si umesoma falsafa miaka mitatu? Haya niambie. Nikichukua hii nyumba, ni dhambi au si dhambi?"

Nikaanza kumweleza kwamba walimu wa maadili wa Kanisa wanatofautisha kati ya kushiriki ovu la mwenzako kwa nia na kulishiriki kwa tendo tu bila kuwa na nia yake, na kwamba huko kushiriki kwa tendo nako kuna kwa karibu na kwa mbali. Akanikatisha.

"Frateri, nimekuuliza nipange au nisipange."

Mdogo wangu huniita Frateri akikasirika tu. Siku nyingine zote mimi ni kaka.

Sasa niwape habari yenyewe. Mdogo wangu ni muuguzi, ajira yake ya kwanza, hospitali iko upande wa Mwenge. Alikuwa anakaa kwa shangazi yetu Chanika. Anayeijua Dar es Salaam ameshaelewa. Ni daladala mbili, siku nyingine tatu. Zamu ya asubuhi anaamka saa tisa usiku. Zamu ya usiku inaanza saa mbili, lakini anatoka nyumbani saa kumi jioni kwa sababu foleni haina mkataba na mtu. Alikusanya hela karibu mwaka mzima, akaongezea na zamu yake ya mchezo kazini, ikafika milioni tatu. Mimi nilikuwa kwenye mwaka wa kichungaji parokiani, Jumatatu ndiyo siku yetu ya kupumzika, akaniomba nimsindikize. Alisema dalali akiona kuna mwanaume anapunguza uongo. Hilo sikuliona, lakini elfu kumi yake ya kutuonyesha nyumba aliichukua mapema kabisa.

Tuliona nyumba tatu. Mbili sizisemi. Ya tatu ilikuwa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, si mbali na kituo kinachoitwa Vatican (msicheke, kipo). Uani amejenga apatimenti nne ndogo: chumba, sebule, jiko, choo cha ndani, kila moja na luku yake. Geti linafungwa saa tano usiku. Kutoka hapo hadi kazini kwake, bodaboda dakika kumi. Niliona mabega ya mdogo wangu yanashuka, kama mtu aliyetua ndoo.

Halafu tukagundua apatimenti ina mtu. Kulikuwa na nguo kwenye kamba na cherehani kibarazani. Dalali akasema msijali, mkataba wake unaisha tarehe thelathini, mzee hamuongezei, anataka kupiga rangi na kuweka taili. Huyo mama alikuwa analipa laki mbili na ishirini kwa mwezi. Mpangaji mpya angelipa laki tatu na sabini, miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake.

Hapo ndipo swali lilipoulizwa.

Kabla ya kumjibu, nataka niseme kidogo kuhusu Sinza, maana watu wengi wa umri wetu wanadhani ilizaliwa na baa na vibanda vya chipsi. Miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Wazo lilikuwa kwamba mji utoe kiwanja, barabara na maji, na mwananchi ajijengee polepole kwa nguvu zake. Yule mzee alikuwa dereva wa shirika la umma. Alituambia mwenyewe, tukiwa tumekaa barazani kwake baada ya shikamoo na habari za wapi kwenu, kwamba alipopewa kiwanja ndugu zake walimcheka, wakamwambia amepelekwa porini. Akajenga vyumba viwili, akaongeza viwili. Kiinua mgongo chake kikaishia kwenye zile apatimenti za uani.

Mlimani City ikafunguliwa mwaka 2006 ng'ambo ya pili. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kupita Barabara ya Morogoro. Shekilango ikapanuliwa. Nyumba za vyumba sita zenye choo kimoja cha uani, ambazo nusu ya jiji ilianzia maisha humo, zikaanza kubomolewa moja moja na ghorofa kupanda. Hakuna aliyemfukuza mtu kwa bunduki. Kodi ilipanda tu, na mtu akiona haiwezi anafunga godoro kwenye kirikuu na kuhamia mbele zaidi, Goba, Kivule, Chanika, halafu anarudi mjini kila alfajiri kufanya kazi. Mdogo wangu alikuwa anatokea kule kule ambako mama wa cherehani alikuwa anaelekea. Wangepishana njiani.

Sasa turudi kwa mzee. Ni rahisi kumfanya mwenye nyumba kuwa Farisayo wa hadithi, na nikiri kwamba nilipofika nilikuwa nimeshamhukumu. Lakini mkewe alikuwa mgonjwa, figo, anasafishwa damu. Yeye hakuwa amepandisha kodi ya yule mama kwa miaka mitano. Ukihesabu bei ya saruji ya miaka mitano iliyopita na ya leo, na mfumuko wa bei kwa jumla, laki mbili na ishirini ya wakati ule si laki mbili na ishirini ya sasa. Mwenye mali ana haki ya kuishi kwa mali yake. Papa Leo XIII aliitetea haki hiyo waziwazi katika Rerum Novarum mwaka 1891, tena akiwafikiria hasa maskini waliojinyima mpaka wakapata kitu chao. Mzee wetu ndiye huyo. Dereva aliyejinyima.

Kuna wakati nchi yetu ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo, na nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambazo wenyewe walikuwa wamezipangisha zikawa za Serikali. Nyingi zilikuwa za Watanzania wenye asili ya Asia, na wengi wao waliondoka. Kisha kukawa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, nayo ikafutwa mwaka 2005. Leo kodi ni mapatano kati ya watu wawili, na mmoja wao ana nyumba. Sitaki kulianzisha hilo hapa. Nalitaja ili mjue kwamba swali la mdogo wangu halikuanza chini ya ule mwembe.

Nitawaambia kitu kimoja kilichonikaa. Tulipokuwa tunaongea, mzee akamuuliza mdogo wangu anafanya kazi gani. Akasema muuguzi, zamu za usiku. Dalali akadakia: "Mzee, huyu dada anatoka Chanika usiku wa manane, hapa kwako ndiyo salama yake." Mzee akanyamaza kidogo. Tulipofika kwenye bei, laki tatu na sabini ilikuwa imekuwa laki nne.

Dakika ishirini zilikuwa zimepita. Hakuna taili lililoongezeka. Hakuna barabara iliyojengwa.

Mtakatifu Thomas wa Akwino ana maneno juu ya jambo hili hili, kwenye Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 77, kipengele cha kwanza. Anauliza kama ni halali kuuza kitu kwa bei inayozidi thamani yake. Anakubali kwamba muuzaji anaweza kuongeza bei ikiwa kukiachia kile kitu kunamtia hasara yeye, maana hasara hiyo ni yake. Lakini ikiwa faida kubwa aipatayo mnunuzi inatokana na shida ya mnunuzi mwenyewe, na muuzaji hapungukiwi chochote, basi muuzaji asiongeze bei kwa sababu hiyo. Kwa nini? Kwa sababu shida ile si mali yake, na mtu hauzi kisicho chake. Nilipoisoma darasani niliona ni hoja ya wafanyabiashara wa vitambaa wa karne ya 13. Pale barazani nilielewa. Mdogo wangu aliogopa kushuka kituoni saa kumi alfajiri, na uoga huo ulikuwa wake. Mzee alimuuzia uoga wake mwenyewe kwa elfu thelathini kwa mwezi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inaweka jambo hilo chini ya amri ya saba, pamoja na wizi: kupandisha bei kwa kutumia shida ya mwenzako.

Kwa hiyo ndani ya ile laki nne niliona mambo matatu yamekunjwa pamoja. La kwanza ni jengo, saruji na jasho la mzee, na hilo ni lake bila ubishi. La pili ni mahali: lami, taa, mabasi, ukaribu wa hospitali. Hilo hakulijenga. Lilijengwa na mji mzima, na yule mama wa cherehani akiwemo, maana naye analipa kodi za Serikali kila anaponunua uzi. Mmarekani mmoja, Henry George, alishikilia hoja hii hadi mwaka 1891 akamwandikia Papa Leo XIII barua ya wazi akimpinga juu ya umiliki wa ardhi. Sikubaliani naye mwisho kabisa, lakini swali lake ni zuri: thamani inayoletwa na wote iende kwa nani? Na kwa mzee wetu swali linauma zaidi, kwa sababu kile kiwanja alipewa kwa kuwa alikuwa mtu wa kipato cha chini. Mji ulimkata kipande kwa sababu hakuwa na uwezo. La tatu ni shida ya mpangaji, na hiyo Thomas amekwisha kuifunga.

Haya yote niliyafikiria baadaye, usiku, kwenye chumba changu cha parokiani. Pale chini ya mwembe nilikuwa na dakika tano, na jibu nililompa lilikuwa fupi. Nilimwambia: si dhambi. Hukumfukuza wewe, humtakii mabaya, una sababu nzito ya usalama wako, na uamuzi ni wa mzee. Nilisema kweli. Naamini hivyo hata leo. Ukipanga nyumba ambayo mwingine ameshindwa kodi yake hujaiba kitu. Mtume Paulo mwenyewe alikuwa mpangaji. Matendo ya Mitume sura ya 28 inasema alikaa Roma miaka miwili mizima kwenye nyumba aliyoilipia mwenyewe, na hatuambiwi nani alitoka ndipo yeye akaingia.

Akaniangalia. "Mbona uso wako unasema vingine?"

Sikuwa na jibu. Dalali akamaliza simu zake, akatusogelea na sentensi ambayo nadhani kila dalali amezaliwa nayo: "Dada, usipochukua wewe atachukua mwingine. Ninaye mtu kesho saa nne."

Hiyo sentensi nataka niisimamie kidogo, kwa sababu ninyi na mimi tunaitumia kila siku. Nisipoiba mtihani mimi, wenzangu wataiba. Nisipotoa kitu kidogo, faili langu litakaa chini. Nisipopanga mimi, atapanga mwingine. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi ni kweli. Si uongo wa kukanushwa. Ila angalia inavyofanya kazi: inachukua jambo la kweli kuhusu watu wengine na kulifanya ruhusa kwangu. Kwa hesabu hiyo Yuda naye alikuwa sahihi, maana kama si yeye wakuu wa makuhani wangempata mtu mwingine Yerusalemu nzima. Bwana wetu katika Luka 17 anakubali wazi kwamba makwazo hayana budi kuja. Hasemi hayatakuja tukijitahidi. Na bado anamgeukia yule mmoja ambaye yanakuja kwa mkono wake. Yohane Paulo II katika Veritatis Splendor, mwaka 1993, anafundisha kwamba tendo haliachi alama nje tu. Linamuumba yule anayelitenda. Dunia inaweza kubaki vile vile nikikataa. Mimi sibaki vile vile nikikubali.

Nilijisikia vizuri sana nikiyawaza hayo. Subirini.

Mdogo wangu hakuwaza hivyo. Alifanya jambo ambalo mimi, mwenye shahada ya falsafa, sikulifikiria. Alikwenda kibarazani kwa yule mama, akamwamkia, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamwambia kwamba yeye ndiye anayeonyeshwa nyumba.

Mama hakukasirika. Alikuwa anajua. Alikuwa na miaka tisa pale. Alisema maneno ambayo yalinichanganya kuliko ya dalali: "Mwanangu, nyumba si yangu. Usipopanga wewe atapanga mwingine, wala usijilaumu." Sentensi ile ile! Lakini mdomoni mwake ilikuwa zawadi; alikuwa anampunguzia mgeni mzigo. Bado sijaelewa vizuri jinsi maneno yale yale yanavyoweza kuwa uovu kwa mmoja na huruma kwa mwingine, labda ni kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anapoteza. Halafu akasema ana jambo moja tu. Mwanawe yuko darasa la saba, shule iko pale nyuma, mtihani ni Septemba. Kama ingewezekana akae hadi mtoto amalize mtihani. Baada ya hapo anaondoka, ameshaona chumba Kivule.

Ilikuwa mwishoni mwa Julai. Mwezi mmoja na nusu hivi.

Mnaikumbuka habari ya Nabothi, 1 Wafalme 21? Tunaikumbuka kwa damu na mbwa. Lakini Ahabu alianza vizuri tu. Alitoa bei nzuri, au shamba lingine bora zaidi. Kama ni haki ya soko, Ahabu alikuwa mteja wa kuigwa. Kilichomshinda ni kwamba kwenye lile shamba kulikuwa na mtu mwenye baba na babu, na yeye alichoona ni mahali pa kupanda mboga karibu na nyumba yake. Nadhani uovu wa mitaa inayobadilika uko hapo zaidi kuliko kwenye tarakimu. Unaonyeshwa nyumba, unaona taili, maji, usalama, unaona cherehani kibarazani, na macho yako yanaipita cherehani. Kwa hiyo nikimsindikiza mtu tena kutafuta nyumba, nitamuuliza dalali jambo moja kabla ya kuuliza maji na luku: nani yuko humo sasa, na anakwenda wapi? Jibu halitakukataza kupanga. Litakufanya upange ukiwa macho.

Mdogo wangu alirudi kwa mzee. Akamwambia atalipa laki nne, atalipa miezi sita leo hii, ila aingie katikati ya Septemba, mama akae hadi mtihani uishe kwa kodi yake ya zamani. Kwa maneno mengine, alimpa mzee kila alichotaka isipokuwa wiki sita za tofauti. Mimi nilikuwa kimya, najivunia kama vile nimemzaa.

Mzee alikataa. Alikataa kwa upole, akamwita mjukuu wangu, akaeleza habari za figo, fundi wa taili aliyeshalipwa nusu, na mtu wa kesho saa nne. Sidhani alidanganya. Tukaondoka. Kesho yake saa nne mtu alikuja, akalipa. Tarehe thelathini mama wa cherehani alihamia Kivule, na mwanawe akawa anakuja shuleni Sinza kwa daladala hadi siku ya mtihani.

Yaani hakuna kilichobadilika kwa yule mama. Dalali alikuwa sahihi neno kwa neno.

Na kilichobadilika kwa mdogo wangu ni hiki. Agosti, Jumanne, saa kumi na nusu alfajiri, akiwa anatembea kwenda kituoni, pikipiki yenye watu wawili ilipita karibu yake na kumpokonya mkoba. Alianguka. Simu, kitambulisho, hela ya nauli, na goti likashonwa nyuzi nne. Alinipigia kwa simu ya shangazi. Hakulia. Alisema: "Ningekuwa Sinza ningekuwa bado nimelala." Halafu baada ya muda: "Kaka, ile dhamiri ilikuwa yako au yangu? Maana nimeilipia mimi."

Nimelisali hilo swali kwa miezi. Ukweli ni kwamba mimi sijawahi kulipa kodi ya nyumba maishani. Nimetoka kwa baba yangu nikaingia seminari ndogo, nikaingia seminari kuu. Parokiani nina chumba, feni, chakula saa saba kamili, na geti linalofungwa na mlinzi anayelala Chanika. Sijawahi kusimama kituoni alfajiri nikiogopa pikipiki. Ninapojisikia vizuri na Yohane Paulo II usiku, najisikia vizuri juu ya godoro la waamini. Nilimwambia mdomoni kwamba si dhambi, na hilo lilikuwa sahihi. Usoni nilimwambia kwamba mtu mwema angekataa, na hilo hakuniomba. Kuna jambo ambalo ni wajibu, na kuna jambo ambalo ni zaidi ya wajibu, na mtu mwenye haki ya kumwomba mwenzake la pili ni yule ambaye atakuwa njiani naye saa kumi na nusu.

Siku hizi nikiandaa mahubiri ya mazoezi huwa najiuliza nani atalipa. Inapunguza sana maneno.

Lakini pia sitaki kumnyang'anya mdogo wangu tendo lake kwa kusema nilimsukuma mimi. Nilipomwomba radhi alikasirika zaidi. "Kwani mimi ni mtoto? Nilikwenda kwa yule mama kwa miguu yangu." Alipona goti, akapata chumba Kimara kwa laki moja na nusu, choo cha kushirikiana, anapanda mwendokasi. Si salama kama Sinza, ila si Chanika. Namba ya simu ya mama wa cherehani anayo. Sare zake za kazi anashonesha Kivule, mbali kote huko, na nikimwambia kuna mafundi Kimara ananiambia nisimpangie.

Oktoba jumuiya yetu ndogo ndogo ilikuwa na zamu ya kusali nyumbani kwa kijana mmoja wa VIWAWA, aliyehamia karibuni. Mhasibu, anaimba besi kwaya yetu, mtu wa watu. Nilitumwa niwasindikize. Tulipofika kwenye geti nikaijua. Mwembe, baraza la mzee, apatimenti ya pili kutoka mwisho. Taili jeupe, harufu ya rangi. Sikusema kitu. Tukasali rozari, tukasoma Injili, mwenyekiti wa jumuiya akamshukuru Mungu kwa kumpa kijana wetu makao mazuri, wote tukasema amina, na mimi nilisema.

Watu walipoanza kupewa soda nilikwenda jikoni kumsaidia kubeba sahani. Fundi wa rangi hakufika nyuma ya mlango wa jiko. Palikuwa na maandishi ya chaki, ya mtoto, herufi kubwa: MAGAZIJUTO, na chini yake hesabu tatu, moja imekosewa.

"Hiyo nimeshindwa kuifuta," kijana akasema akicheka. "Frateri, hapa kabla yangu alikaa nani, mwalimu?"

Nikamwambia. Cherehani, miaka tisa, darasa la saba, wiki sita, kila kitu, na kwamba yule muuguzi aliyekataa kulipa siku moja kabla yake ni mdogo wangu. Alisimama na sahani mkononi. Akasema, "Mimi dalali aliniambia nyumba ipo wazi." Kisha akasema, "Ningejua..." akaishia hapo.

Nilimuuliza angejua angefanyaje. Nilimuuliza kwa kutaka kujua, si kwa kumkamata. Akasema mama yake mzazi alikuwa anakuja Dar kwa matibabu mwezi ule na hakukuwa na pa kumweka. Kisha akaniuliza kama yule mtoto alifaulu.

Matokeo yalikuwa bado hayajatoka.